Malimbuko ya Nukta

Jumatatu, saa nne asubuhi, Subilaga Mwakilima aliweka dole gumba kwenye kioo, na kazi ya miaka kumi na mitatu ikaondoka mikononi mwake. Hakukuwa na kishindo chochote. Kioo kiliwaka kijani, kikatulia kidogo, kisha kikaandika:

KIELELEZO CHA KUFULI KIMEPOKELEWA. MAKALI YA PICHA: ANGSTROMU 1.80. DARAJA LA KWANZA. KUFUMA: ALHAMISI, SAA SITA MCHANA.

Daktari Zuhura Hamduni, mkuu wa maabara, alisoma maneno hayo mara mbili. Alikuwa binti wa Kitanga, mdogo kiasi cha kuweza kuwa mtoto wa Subilaga, na hakuwahi kuizoea baridi ya Rungwe. Hata siku hiyo alikuwa amejifunga shuka juu ya koti jeupe.

"Mama Subi," alisema, "tumefika."

"Tumefikishwa," Subilaga alimsahihisha.

"Haya, tumefikishwa. Lakini si tulitembea na miguu yetu pia? Mie nyayo zinaniuma."

Wakacheka, na katika kucheka Subilaga akajikuta anafuta macho. Nje ya dirisha ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Mashine za kuchuma chai zilitambaa mteremkoni, taratibu, kila moja na taa yake ndogo. Yeye mwenyewe alichuma kwenye mteremko ule ule kwa miaka ishirini, tenga mgongoni, kabla mashine hazijaletwa. Siku nyingine aliziangalia akatamani ziimbe, kwa sababu wachumaji walikuwa wakiimba.

"Dada yako ni wa ngapi kwenye orodha?" Zuhura aliuliza.

"Wa kumi na saba. Kati ya arobaini na mmoja."

"Basi Alhamisi jioni atakuwa amekunywa dozi ya kwanza. Mwezi ujao atakutukana kwa sauti yake yote."

"Amina. Na anitukane tu."

Ugonjwa wenyewe watu waliuita Mnong'ono. Ulitoka kwenye ukungu mweusi ulioota ndani ya banda la zamani la kunyaushia majani ya chai, banda lililotelekezwa. Waliokwenda kulibomoa, dada yake Subilaga akiwa mmoja wao, waliuvuta kwa pua. Ukungu ule ulitengeneza protini ambayo maabara waliipa jina la Kufuli, kwa kuwa ndivyo ilivyofanya: ilikaa kwenye nyuzi za sauti ikazifunga, mwaka hadi mwaka, mpaka mtu akabaki ananong'ona, kisha hata kunong'ona kukamshinda. Baada ya hapo ilishuka kwenye kifua.

Dawa isingepatikana dukani. Ingefumwa na mfumaji, ile mashine yenye ukubwa wa kabati iliyosimama katika kituo cha afya, ambayo hujenga dawa atomu kwa atomu kwa kufuata ramani inayoletewa, yaani kielelezo. Mfumaji hana huruma na hana shaka. Ukimwambia hapa pana atomu, atafuma mkono wa kuishika. Ndiyo maana Baraza la Ufumaji liliweka madaraja. Picha yenye makali ya 1.80 au chini yake ilipewa daraja la kwanza, na dawa yake ilikuwa na mikono miwili: mmoja wa kuizuia Kufuli isiendelee kufunga, mwingine wa kuifungua ilipokwisha kufunga. Picha ya mpaka 2.00 ilikuwa daraja la pili, mkono mmoja tu, wa kuzuia. Zaidi ya hapo mfumaji hakugusa kitu. Namba hizo ni za angstromu, kipimo cha ukubwa wa atomu; kadiri zilivyopungua, ndivyo jicho lilivyoona vidogo zaidi.

"Imebaki shukrani," Zuhura alisema. "Baraza wanataka mstari mmoja kuhusu aliyekuza fuwele, na tarehe alizozikuza. Mwandike marehemu Mwalimu. Wewe ndiye uliyemjua."

*

Madaftari ya Mwalimu Ambakisye Mwaisumo yalikuwa manne, yamefungwa kwa kamba ya katani, na yalikuwa na harufu ya moshi wa jikoni kwake. Subilaga aliyaweka mezani, akaweka kiganja juu yake, akafumba macho. Hakuwa mtu wa kufungua kitu bila kusali kwanza, hata barua. "Bwana," alisema kimoyomoyo, "umpumzishe mtumishi wako. Nami nisaidie niandike jina lake vizuri."

Kisha akafungua, na miaka kumi na saba ikamjia mara moja.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mfagiaji wa sakafu katika Duara, lile jengo kubwa la mviringo walimozungusha mwanga mkali uliozidi eksirei ya hospitali mara elfu nyingi. Tangazo lilibandikwa mlangoni: masomo ya jioni, ukumbi wa ushirika, saa kumi na moja hadi saa moja, yeyote anayejua kusoma. Alienda na kalamu aliyoiazima. Walikuwa tisa: madereva wawili, mkunga, walinzi, mama mmoja muuza vitumbua ambaye aliacha ubao ukinukia mafuta kila alipoitwa kuandika. Mwalimu alichora duara kwa chaki, akachora jingine nje yake, na jingine, mpaka ubao ukajaa pete.

"Mwanga ukiipiga fuwele, punje ya protini iliyopangika kama ya chumvi, hutawanyika," alisema, "na kuacha nukta kwenye kioo. Za katikati ni nene, mtoto angeziona. Hizo zinatuambia umbo kwa jumla. Za pembeni zimefifia, na ndizo zinazotuambia kila atomu imekaa wapi. Sasa swali linalonikosesha raha tangu ujana ni hili: unasimama pete ya ngapi? Ukisimama mapema umewanyamazisha wanaosema kweli. Ukipitiliza, unaanza kusikia upepo ukadhani ni mtu anaita."

"Sasa mtu atajuaje, Mwalimu?" aliuliza mkunga.

"Kwa kuweka akiba. Katika kila nukta mia, tunatoa tano tunazitenga. Kielelezo tunachojenga hakitaziona kamwe. Zile tisini na tano tunajengea. Tukimaliza, tunaziuliza hizi tano: je, mnakitambua hiki? Zikikataa, tumejenga ndoto."

Subilaga, ambaye kwa wiki tatu hakuwahi kufungua kinywa darasani, alisema: "Kama malimbuko."

"Kama nini?"

"Malimbuko, Mwalimu. Mazao ya kwanza. Hata kama una njaa, hayo huyagusi. Ni ya madhabahuni."

"Tayari, mahubiri yameanza," dereva mmoja alisema. "Leteni na kapu la sadaka." Darasa zima likacheka.

Mwalimu hakucheka. Aligeuka ubaoni akaandika MALIMBUKO kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake. Tangu siku hiyo hakuna mtu katika Duara aliyeliita fungu lile kwa jina jingine. Hata Zuhura, aliyekuja miaka mingi baadaye na mtandio wake na shahada zake, alilikuta neno akalipokea.

Jioni zile Subilaga alirudi nyumbani katikati ya ukungu mzito, haoni hata vidole vya miguu yake. Alifuata sauti. Dada yake, Anyisile, alikuwa akipika huku anaimba sauti ya kwanza ya wimbo wa kwaya, peke yake, bila hizo nyingine tatu, na sauti ilivuka bonde ikamfikia kama kamba. Anyisile ndiye aliyewalisha watoto wa Subilaga miaka yote ya masomo. Hakuwahi kuuliza nukta ni nini. "Wewe soma," alikuwa akisema, "mimi nitaimba mpaka ufike."

Subilaga alitabasamu juu ya daftari. Alikuwa amefika kwenye daftari la nne, la mwaka aliofariki Mwalimu. Tarehe za fuwele zilikuwa pale, kwa mwandiko uliotetemeka: fuwele tatu za Kufuli, za mwisho duniani, kwa kuwa banda lilichomwa moto na ukungu wake wote. Mbili waliziharibu katika majaribio. Ya tatu waliisoma mwezi uliopita kwa mwanga mpya wa Duara, na mwanga huo huila fuwele huku ukiisoma. Kilichobaki ni nukta zake tu.

Alinakili tarehe. Pembeni ya ukurasa aliona jina lake.

*Neno la Subilaga ni zuri, lakini lina hatari. Malimbuko ya kanisani hutolewa upya kila mavuno. Haya yetu ni yale yale daima, hata tukivuna mara kumi. Nimkumbushe.*

Alisoma mara ya pili.

Mwalimu hakuwahi kumkumbusha. Aliugua wiki ile ile. Na mwezi uliopita, nukta mpya zilipoingia, nyingi kuliko zote walizowahi kupata, kompyuta ilimuuliza Subilaga swali moja: itumie malimbuko ya zamani, au itoe mapya? Alikumbuka sana alivyojibu, kwa kuwa alijibu kwa furaha. Mavuno mapya, malimbuko mapya. Aliona hata aibu kwamba mashine iliuliza.

Kwa hiyo zile nukta za zamani zilizotengwa miaka kumi na mitatu zilirudishwa kwenye chungu na kuliwa, yaani zikatumika kujengea. Na zile zilizotengwa upya zilikuwa zimekwisha kuliwa zamani. Kielelezo kilizijua kwa majina. Kilipoulizwa mwishoni kama kinatambulikana, kiliulizwa na rafiki zake.

Alifungua faili. Kosa la kielelezo kwenye nukta za kujengea lilikuwa kumi na tisa kwa mia, na kwenye malimbuko ishirini na moja. Karibu mno. Kwa kawaida kuna pengo kubwa zaidi ya hapo. Siku alipoiona ishirini na moja ile alipiga magoti sakafuni, akamshukuru Mungu.

*

Jioni hiyo alipita njia ya kwa Anyisile akiwa na nia ya kuingia. Hakuingia. Kwenye kamba ya nguo nje, kati ya khanga mbili, lilianikwa joho la kwaya, la rangi ya zambarau, lenye kola nyeupe. Lilikuwa halijavaliwa kwa miaka miwili. Anyisile alikuwa amelifua, na kola alikuwa ameitia wanga; ilisimama wima katika ukungu.

Subilaga alisimama barabarani hadi mguu ukafa ganzi. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye na daftari la marehemu. Daftari lingeweza kurudi kwenye kamba yake ya katani. Na tena, alijiambia, nani anajua? Pengine pete za mwisho zilikuwa za kweli. Pengine Mungu alipitisha jambo jema kwenye kosa lake. Alikwisha kufanya hivyo kwa watu wengine.

Alipofika kwake alijaribu kusali, na maneno yakagoma. Mwishowe alisema moja tu: "Bwana, usiniache nione ninachotaka kuona." Kisha akalala na viatu.

*

"Shikamoo, Mama. Mbona macho hivyo?"

"Marahaba. Kaa kwanza, Daktari."

Zuhura alikaa. Subilaga alimwekea daftari mbele yake, kidole kwenye mstari, akamweleza yote bila kujitetea. Zuhura alisikiliza huku shuka likimteleza begani. Alipomaliza kulielewa jambo, alisimama akaenda dirishani.

"Mama wee," alisema, akiwa amempa mgongo. "Mama wee, Mama wee."

"Ni mimi niliyekosa. Si wewe."

"Mie ndiye niliyetia nguvu tufike 1.80! Mwalimu kwa kanuni yake ya kizamani angesimama 2.10, pale nukta zinapokuwa na nguvu mara mbili tu ya kelele, ule upepo wake. Nikasema hapana, twende mbele, za pembeni zina habari." Aligeuka. "Na zina habari, Mama. Tulizigawa nusu mbili kwa kubahatisha, tukalinganisha nusu kwa nusu. Mpaka 1.90 na kitu zilikuwa bado zinapatana."

"Kupatana kidogo. Na kwenye 1.80?"

Zuhura alilivuta shuka akalirudisha begani.

"Kwenye 1.80 zilikuwa kama watu wawili wanaosimulia ndoto tofauti," Subilaga alisema. "Tukapita tu, kwa kuwa malimbuko yalisema ndiyo."

"Sikiliza." Zuhura alirudi akakaa karibu, akashusha sauti. "Mkono wa pili wa dawa unashika nini? Ile molekuli moja ya maji tuliyoiona kwenye 1.80, ndani ya tundu la ufunguo la Kufuli. Kama maji yapo, watu arobaini na mmoja wanapata sauti zao. Labda yapo. Hukosei ukisema labda."

"Na kama hayapo?"

"Mkono utashika hewa."

"Mkono haushiki hewa, Daktari. Utatafuta kingine cha kushika. Uliniambia wewe mwenyewe kwamba moyoni mna protini inayofanana na Kufuli."

Kutoka mteremkoni zilisikika mashine za kuchuma, tiki tiki tiki.

"Ukikiondoa kielelezo leo," Zuhura alisema polepole, "fuwele nyingine hatuna. Hatutapata 1.80 milele. Dada yako anajua?"

"Amefua joho."

Zuhura alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Alipovitoa, alikuwa na sura ya mtoto aliyeamshwa.

"Dole gumba ni lako, Mama. Aliyetia sahihi ndiye anayeweza kuondoa. Mie sikuzuii, na sikusukumi. Lakini kabla hujaondoa, tupime. Angalau tujue."

*

Walianza saa tatu asubuhi. Kwanza walirudisha malimbuko ya zamani, yale ya Mwalimu, kutoka faili aliyoiandika kwa mkono wake, nukta moja moja. Kielelezo kilikuwa kimekwisha kuyaonja, kwa hiyo walikipasha moto ndani ya kompyuta, wakazitikisa atomu zake zote mpaka kikasahau kilichokula, wakakiacha kipoe na kujijenga upya. Wakafanya hivyo mara kumi, kutoka mianzo kumi tofauti, wasije wakadanganywa na bahati.

Halafu wakaanza kupanda pete moja baada ya nyingine. Kanuni yao ilikuwa rahisi. Ongeza pete moja. Jenga upya. Kisha yaulize malimbuko ya pete za ndani ya 2.10, yale yale kila mara: kielelezo kimekuwa bora au kibaya? Kikiwa bora, pete ile ilikuwa na kweli ndani yake. Kikiwa kibaya, ulikuwa upepo.

"2.05," Zuhura alisoma.

"Bora."

"2.00."

"Bora. Kidogo, lakini bora."

"Basi Mwalimu alisimama mapema, Mungu amrehemu."

"Angefurahi kujua," Subilaga alisema, na aliona kweli jinsi ambavyo angefurahi, angepiga paja lake na vumbi la chaki lingeruka. "Endelea."

"1.97."

"Bora."

"1.94."

Walingoja. Chai ilipoa kwenye vikombe. Subilaga aliona nukta zile za mbali kwenye kioo, zimefifia kiasi kwamba jicho halikuzitofautisha na mavumbi; na hata hivyo katika mianzo kumi, tisa ilisema jambo lile lile.

"Bora," alisema.

"1.91."

Hii ilichukua muda mrefu zaidi. Namba zilipotokea, Zuhura hakuzisoma kwa sauti. Kielelezo kilikuwa kimeanza kuharibika. Walijaribu 1.88, walijaribu 1.80 yenyewe, na kila hatua ilizidi kuwa mbaya, mpaka malimbuko ya Mwalimu yakasema ishirini na saba kwa mia.

"Nionyeshe tundu la ufunguo," Subilaga alisema. "Kwa 1.94."

Zuhura akalikuza. Kuta za tundu zilikuwa safi kuliko walivyowahi kuziona, kila tawi mahali pake. Katikati, pale palipokuwa na molekuli ya maji, hapakuwa na kitu.

Wote wawili walipatazama mahali pale patupu.

"Niliyapa jina," Zuhura alisema. "Yale maji. Nilikuwa nayaita Tumaini. Ujinga mtupu."

Subilaga alimvuta, akamkumbatia pamoja na shuka lake. Kisha akaweka dole gumba kwenye kioo na kukiondoa kielelezo cha kwanza. Mahali pa sababu aliandika: *Nilikosea kutenga malimbuko. S. Mwakilima.* Kompyuta iliuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Akaweka kielelezo kipya, na kioo kikajibu bila kinyongo:

MAKALI YA PICHA: ANGSTROMU 1.94. DARAJA LA PILI. KUFUMA: ALHAMISI, SAA TISA ALASIRI.

"Tungesimama kwa Mwalimu, 2.10," Zuhura alisema akipangusa miwani, "mfumaji asingetugusa kabisa. Hata huo mkono mmoja tusingeupata."

"Ndaga," Subilaga alisema kwa lugha ya nyumbani, na hakuwa anamshukuru Zuhura peke yake.

*

Alhamisi aliingia kwa dada yake saa tano, na sufuria ya ndizi na maharage aliyoifunga kwa kitambaa. Anyisile alikuwa ameketi kwenye kigoda jikoni, amepungua, macho makali kama zamani. Joho lilikuwa limekunjwa mapajani mwake.

Subilaga hakungoja chakula. Alimweleza akiwa amesimama, kwa sababu alijua akikaa hatasema. Alimwambia juu ya neno alilolitoa darasani na jinsi lilivyomponza. Alimwambia kwamba Jumatatu kulikuwa na dawa ya mikono miwili, na leo kuna ya mkono mmoja. Itazuia Kufuli isisogee hata hatua moja zaidi. Kifua kitasalimika. Lakini sauti iliyokwisha kwenda haitarudi, na ni yeye, mdogo wake, aliyeiondoa ile nyingine kwa dole gumba lake.

"Ningeweza kulinyamazia hili," alimalizia, "na nilitaka kulinyamazia, dada. Nilisimama pale barabarani nikaliona joho, nikataka."

Anyisile akainuka, akachukua kijiko, akafunua sufuria, akaonja. Midomo ikacheza. Subilaga hakusikia kitu ila moto.

"Unasemaje?"

Anyisile akamshika sikio, kama alivyokuwa akimshika utotoni, akalivuta mpaka mdomoni.

"Chumvi," alinong'ona. "Miaka hamsini na nane, na chumvi hujui."

Subilaga akacheka na kulia kwa pamoja, makamasi yakamtoka. Walikula. Mvua ilipita juu ya bati ikaacha. Walizungumza habari za wachumaji wenzao, nani alikuwa anaimba vizuri na nani alidhani anaimba vizuri, na mama wa vitumbua aliyekuwa akipaka ubao mafuta. Anyisile alijibu kwa nyusi na kwa mikono. Saa nane na nusu walisimama kwenda kituo cha afya. Hapo Anyisile akalichukua joho, akalikunjua, akalipima mabegani, na midomo yake ikasema kitu.

Subilaga alijua alichotaka kisemwe. Ndiyo maana hakuyaamini masikio yake. Mwezi mzima, mbele ya kompyuta, alikuwa amesikia alichotaka.

"Sema tena, dada."

Anyisile akapandisha macho juu, kama mtu anayemwomba Mungu uvumilivu, akamkaribia zaidi. Pumzi yake ilikuwa ya joto, na maneno yalikuwa yamefifia mno, lakini yalikuwa maneno.

"Jumapili nitalivaa. Wewe utasimama karibu yangu."

Yalikuwa yale yale ya mara ya kwanza.